Bukavu: mgonjwa wa mapafu apimwe pia anavyotembea

Mtu wa Bukavu akianza kuumwa mapafu, mlima ndio unaomjulisha kwanza. Mama anayekaa Cimpunda na kushuka kila asubuhi hadi soko la Kadutu anajua kabisa ni wapi alikuwa anapita bila kusimama. Siku anapolazimika kusimama hapo, mkono ukutani, akijifanya anafunga upya kikwembe chake, habari imekwisha kumfikia. Nyumbani wanasema ni uzee. Jirani anasema ni baridi ya mvua. Akienda kutafuta matibabu atasikilizwa kifua, atapewa dawa ya kikohozi, pengine na antibiotiki, kisha atarudi kupanda mlima uleule. Jambo lenyewe lililomleta, yaani kwamba kutembea kumemshinda, mara nyingi linabaki maneno tu. Linaandikwa "anakosa pumzi", na mwezi ujao linaandikwa tena hivyohivyo.

Kipimo cha jambo hilo kipo, na ni cha bei ndogo kuliko karibu kila kipimo kingine cha mapafu. Ni kutembea kwa dakika sita.

Mgonjwa anaketi kwanza kama dakika kumi apumzike. Anapimwa presha, mapigo ya moyo, na kiasi cha oksijeni katika damu kwa kifaa kidogo kinachobanwa kwenye kidole. Anaulizwa pumzi inamsumbua kiasi gani, naye anajibu kwa namba, kuanzia sifuri hadi kumi. Kisha anatembea kwenda na kurudi kwenye njia tambarare ya mita 30, yenye alama mbili za kugeukia, haraka kadiri anavyoweza bila kukimbia. Akichoka anaruhusiwa kupunguza mwendo, hata kusimama na kuegemea ukuta, lakini saa inaendelea kuhesabu. Dakika ya sita ikiisha anasimama palepale alipofika. Mita zinahesabiwa, vipimo vya mwanzo vinarudiwa, na kazi imekwisha.

Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida hupita kati ya mita 400 na 700. Mwaka 2004, watafiti walioongozwa na Bartolomé Celli walionyesha katika jarida la New England Journal of Medicine kwamba umbali huo ni zaidi ya habari ya uchovu. Ukiunganishwa na uzito wa mgonjwa, kiwango cha kuziba kwa njia za hewa na jinsi anavyokosa pumzi, unasaidia kujua ni nani yuko katika hatari kubwa ya kufa, tena vizuri kuliko kupima peke yake hewa anayoipuliza. Katika hesabu yao, aliyefikisha mita 350 hakuongezewa alama yoyote ya hatari. Ambaye hakufikisha 150 alipewa alama za juu kabisa. Mita 350 ni pungufu kidogo ya kwenda na kurudi mara sita kwenye ile njia ya mita 30. Mtoto wa shule hata hahesabu safari kama hiyo.

Kipimo hiki hakikuzaliwa jana. Mwaka 1968 Kenneth Cooper, munganga wa jeshi la anga la Marekani, alipima nguvu za askari kwa kuwakimbiza dakika 12. Mwaka 1976 C. R. McGavin na wenzake huko Uingereza wakaona kwamba mgonjwa wa mapafu hawezi kukimbizwa, wakageuza zile dakika 12 kuwa za kutembea. Hata hivyo, kumtembeza mtu anayehema kwa dakika 12 bado ilikuwa karibu na adhabu. Mwaka 1982 R. J. A. Butland na wenzake walilinganisha dakika mbili, sita na kumi na mbili, wakakuta habari inayopatikana haitofautiani sana. Sita zikashika njia. Mwaka 2002 chama cha waganga wa mapafu cha Marekani kiliandika utaratibu wake wote, hadi maneno ya kumwambia mgonjwa, na utaratibu huo ndio unaofuatwa mahali pengi duniani.

Bukavu inayo sababu zake za kuhitaji kipimo hiki, na ya kwanza inatoka jikoni. Umeme ukikatika, na hukatika mara nyingi, mbabula inawashwa. Hata umeme ukiwapo, nyumba nyingi hupika kwa makala kwa sababu hazina njia nyingine. Wakati wa mvua mbabula inaingizwa ndani, mlango unafungwa nusu, na mama anapika na mtoto mgongoni. Upande wa vijijini, Kabare, Walungu au Kalehe, ni kuni na moshi wake mzito zaidi. Hali hiyo haikomei Kivu. Huko Masindi, magharibi mwa Uganda, utafiti uliotolewa mwaka 2015 katika Lancet Global Health ulipima watu wenye umri wa zaidi ya miaka 30 vijijini na kukuta asilimia 16.2 wana ugonjwa wa kuziba kwa mapafu. Karibu wote walikuwa wanavuta moshi wa kuni na mabaki ya mashamba, na wengi wa wagonjwa walikuwa watu wa umri wa kazi. Wale ambao Bukavu wangeambiwa "ni uzee" hawakuwa wazee.

Sababu ya pili ni kifua kikuu. Kongo imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zinazobeba mzigo mkubwa wa ugonjwa huo. Matibabu ya kawaida huchukua miezi sita. Mwishoni makohozi yanapimwa, mdudu haonekani, na mgonjwa anaandikwa kuwa amepona. Kwa mdudu huo ni kweli. Lakini mapafu yanaweza kubaki na makovu, matundu na njia za hewa zilizoharibika, na mtu aliyeandikwa amepona anashindwa kurudi kwenye kazi yake ya kubeba mizigo. Hesabu za matibabu zina safu za aliyepona, aliyemaliza dawa, aliyeshindwa, aliyekufa na aliyepotea. Hazina safu ya anayeweza kupanda hadi nyumbani kwake.

Mwaka 2018 Patrick Katoto, mtafiti wa Bukavu, na wenzake walichapisha utafiti juu ya watu wazima wa vijijini mashariki mwa Kongo waliomaliza dawa za kifua kikuu. Walikuta kwamba moshi wa nyumbani unakwenda pamoja na kikohozi kisichoisha baada ya matibabu. Sababu mbili zinakutana hapo katika kifua kimoja. Mtu anamaliza dawa miezi sita, anashukuru Mungu, na anarudi kukaa kando ya mbabula ileile. Waongezwe na vijana wanaorudi kutoka migodi ya dhahabu ya Kamituga na kwingineko, ambako wamekuwa wakivuta vumbi la mawe yaliyosagwa. Kwa wote hao, picha ya kifua inaonyesha kovu liko wapi. Haionyeshi kovu hilo limemnyang'anya mtu nini.

Wataalamu wa kimataifa wamekwisha kuliona pengo hilo. Kanuni walizochapisha mwaka 2021 zinataka kila mgonjwa anayemaliza dawa za kifua kikuu achunguzwe mapafu yalivyobaki, na kipimo cha kutembea dakika sita kimo kati ya vipimo wanavyovitaja. Kwa mji kama Bukavu hilo ndilo pendekezo la kushika kwanza, kwa sababu ndilo linalowezekana. Tangu AFC/M23 iingie mjini Februari 2025 na benki kufunga milango, kila anayesimamia hospitali anajua kununua mashine mpya maana yake nini. Njia ya mita 30 hainunuliwi.

Kuna watakaouliza: kupima ili iweje? Ikiwa oksijeni ni ya shida, ikiwa dawa za kuvuta za kufungua mapafu ni ghali, mgonjwa atafaidi nini kujua kwamba amepita mita 240?

Swali hilo ni zito, lakini jibu lake liko karibu, Kampala. Watafiti wa Makerere na wenzao wa Uingereza waliwachukua watu 34 ambao mapafu yao yaliharibiwa na kifua kikuu, wakawafanyisha mazoezi ya mwili na kuwafundisha namna ya kuishi na ugonjwa wao, kwa majuma sita. Watu 29 walimaliza. Walipimwa kwa kipimo kingine cha kutembea, kile cha kwenda na kurudi mita kumi huku mlio ukiharakisha mwendo, kilichobuniwa huko Leicester na kutolewa mwaka 1992. Kwa wastani walitoka mita 299 hadi 377. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Hakuna pafu jipya lililopandikizwa. Miguu iliyozoea kukaa ilirudishiwa nguvu, pumzi ikafundishwa kutumika vizuri, na woga ukapungua. Woga huo ni sehemu ya ugonjwa: anayekosa pumzi anaacha kutembea, misuli inalegea, na misuli ikilegea pumzi inamkatikia mapema zaidi. Ni kundi dogo, na hapakuwa na kundi la pili la kulinganisha nalo. Lakini kwa mji ambao dawa ni ghali na milima ni ya bure, habari hiyo inastahili kufuatwa.

Na bila kupima kutembea, hakuna anayeweza kujua kama mazoezi hayo yamemsaidia mtu au yamempotezea nauli ya moto.

Shida ni kwamba kipimo chepesi ni rahisi kuharibika. Bukavu inaweza kukiharibu kwa namna zake yenyewe. Mgonjwa amepanda kwa miguu kutoka barabarani, anafika akihema, na papo hapo anaambiwa atembee. Hicho siyo kipimo, ni muendelezo wa mlima. Zile dakika kumi za kuketi haziwezi kurukwa. Mwingine amevaa kandambili iliyokatika kamba. Mwingine amekuja na dada zake wanne, nao wanasimama kando ya njia wakipiga kelele, "Kaza mama, kaza!" Ni upendo, ila unaongeza mita ambazo mwezi ujao, dada wakiwa sokoni, hazitapatikana. Maneno ya kumtia moyo yamepangwa: kila dakika anaambiwa kwa sauti ya kawaida kwamba anaendelea vizuri na dakika zilizobaki ni ngapi. Muuguzi hatakiwi kutembea mbele yake, maana atakuwa anapima mwendo wa muuguzi.

Kuna pia suala la mahali. Mita 30 tambarare, Bukavu, ni kitu cha kutafuta. Korido za hospitali zimejaa ndugu wanaolinda wagonjwa, sufuria, magodoro na watoto. Kituo cha afya cha Kadutu au Bagira kilichojengwa kwenye mteremko hakina korido ya hivyo kabisa. Wengine watapima kwenye mita kumi. Inawezekana, lakini mgonjwa atageuka mara nyingi zaidi na kila kugeuka kunakula mwendo, kwa hiyo namba itakuwa ndogo. Namba ya mita kumi isilinganishwe na ya mita 30. Ukumbi wa kanisa siku za kazi, baraza la shule wakati wa likizo, ukingo wa uwanja wa Concorde siku isiyo na mvua: mahali hapakosekani kama kuna anayepatafuta, ila pawe palepale kila mara. Pasipo na njia kabisa, kuna kipimo cha kiti, ambacho mgonjwa huinuka na kuketi kwa dakika moja na mara zake zinahesabiwa. Hakichukui nafasi ya kutembea, lakini ni bora kuliko kukisia.

Kile kifaa cha kidole nacho kinadai uangalifu, na hapa waganga wa Afrika wana haki ya kukasirika kidogo. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kifaa hicho kilishindwa kuona upungufu mkubwa wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko kwa weupe. Kimeuzwa kwa miaka mingi, na kimeenea Afrika yote wakati wa Korona. Haimaanishi kitupwe. Maana yake ni kwamba namba nzuri kwenye kidole cha mtu anayehema isiaminiwe kuliko mtu mwenyewe. Rangi ya kucha itolewe kwanza. Na ikumbukwe kwamba Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi kidogo kuliko Mombasa au Matadi.

Hata hesabu ya kusema "mtu wa urefu huu na umri huu angepita mita kadhaa" isichukuliwe upofu. Moja ya hesabu zinazotumiwa sana, ya mwaka 1998, ilitoka kwa watu wazima wa Marekani. Mama wa Bagira aliyebeba mizigo milimani tangu utoto, na mstaafu wa Arizona aliyeendesha gari maisha yake yote, hawana miguu ya aina moja. Kwa mgonjwa wa Bukavu ulinganisho unaofaa zaidi ni yeye mwenyewe wa mwezi uliopita. Kanuni za mwaka 2014 zinasema badiliko la karibu mita 30 ndilo lenye maana kwa mgonjwa, na kwamba siku ya kwanza kipimo kifanywe mara mbili kwa kupumzika katikati, kwa sababu mara ya pili watu wengi huenda mbali zaidi kwa kuwa wamekwisha kukielewa. Anayepima mara moja tu anaweza kumsifu mgonjwa kwa maendeleo ambayo hayapo.

Usalama nao usisahauliwe. Aliyepatwa na shambulio la moyo au maumivu ya kifua yasiyotulia katika mwezi uliopita asitembezwe. Ambaye akiwa ameketi moyo wake unapiga zaidi ya mara 120 kwa dakika, au presha imepita 180 kwa 100, aonwe na munganga kwanza. Kiti kiwe karibu. Akishikwa na maumivu ya kifua, kizunguzungu, au akianza kuyumba, anasimamishwa hapo hapo. Na mgonjwa wa kifua kikuu ambaye bado anaambukiza hana sababu ya kuzungushwa katika korido yenye watu. Wakati wake ni mwisho wa matibabu.

Kuna matumizi moja ambayo inafaa kuyakataa kabla hayajaanza. Namba hii isiende kwa mwajiri. Mji huu una watu wengi wanaoishi kwa mwili wao, wabeba mizigo wa bandarini, wasukuma mikokoteni, mama wanaoshusha makala. Tajiri akijua kwamba hospitali inaweza kumpa karatasi ya mita, atataka karatasi hiyo kabla ya kumpa mtu kazi ya siku. Mgonjwa naye, akihisi kwamba ni mtihani wa kufaulu au kushindwa, atajilazimisha hadi aanguke, au atakwepa asipimwe. Aelezwe mapema, kwa Kiswahili au kwa Mashi, kwamba hakuna kufaulu.

Nani aanze? Bukavu haikosi watu. Chuo Kikuu cha Kikatoliki kina kitivo cha uganga kinachofundishia katika hospitali kuu ya rufaa ya jimbo. Chuo cha Kiinjili, UEA, kinafanya kazi na hospitali ya Panzi. ISTM inafundisha wauguzi. Kila mwaka wanafunzi wa shule hizo wanatafuta jambo la kuandikia kazi yao ya mwisho, na nyingi kati ya kazi hizo zinaishia kabatini. Wachache wao wangeweza kupima watu wenye afya wa komine tatu za mji, wanaume na wanawake, wa kila umri, ili baada ya miaka miwili au mitatu kuwe na hesabu ya watu wa hapa. Wanaosomea mazoezi ya viungo, wale ambao hospitalini wanaitwa kine, wangepata kazi inayoonekana.

Programu ya kifua kikuu ndiyo yenye mlango ulio wazi zaidi, maana wagonjwa wake wanajulikana kwa majina na siku ya dawa yao ya mwisho imeandikwa. Siku hiyo mgonjwa anakuja hata hivyo. Kuchora mistari miwili ya rangi sakafuni, kuweka alama kila mita tatu kati yake, na kumfundisha muuguzi mmoja kwa kila kituo, ni kazi ya juma moja.

Matokeo yaandikwe mahali pawili: katika daftari la kituo na katika fishi ambayo mgonjwa anaichukua nyumbani. Katika mji ambao watu wanahamahama, leo Bukavu, kesho Uvira au ng'ambo ya Ruzizi, daftari la kituo linabaki nyuma. Mgonjwa akiwa na namba yake, tarehe yake, na urefu wa njia aliyotembea, munganga atakayempokea huko, hata kama hajawahi kumuona, atajua aanzie wapi.